MAARIFA YA NYUMBANI: Breki za Gari la Mjomba

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mafuta ya taa mbali na chakula. Leo naomba tuzungumze habari za mafuta mengine, ambayo wengi wetu huyakumbuka siku yanapokosekana, nayo ni mafuta ya breki. Koplo mmoja ameniandikia kuuliza kwa nini pedali ya breki ya gari lake huzama kama mguu uliokanyaga tope, na kama yatosha kuongeza mafuta na kuendelea na safari. Ningeweza kumjibu kwa neno moja kwamba haitoshi. Lakini kosa hilo hilo nililitenda mimi mwenyewe mwaka jana, tena nikiwa na mtoto garini. Kwa hiyo ni haki nimjibu kwa kirefu.

Marehemu mjomba wangu alikuwa dereva wa polisi. Mwaka 1973 alinunua gari dogo la wazi, lenye viti viwili na paa la turubai, kutoka kwa mwalimu mmoja Mwingereza aliyekuwa akirejea kwao. Gari hilo ni MGB la mwaka 1967. Magari ya namna hiyo yaliundwa katika mji wa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hadi mwaka 1980, na jumla yake ilizidi 500,000. Mjomba alilipenda kama mtu apendavyo farasi. Alipozeeka alilifunika turubai nyuma ya nyumba yake huko Makindye, na hapo likalala miaka kumi na minne, hata yeye mwenyewe akatangulia mbele ya haki.

Mwaka jana mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili, alifaulu mtihani wa darasa la saba. Bibi yake akaniita akasema, "Mwanangu, gari haliliwi wala halisomeshi mtu likiwa chini ya turubai. Lifufue tuliuze, mtoto aende kidato cha kwanza." Nikakubali kwa furaha. Mimi ni mtumishi wa ofisi mwenye cheti cha ualimu, si fundi; lakini nilikuwa nimemshikia mjomba spana tangu utotoni, na nikajiona ninajua.

Nilihangaika na injini majuma matatu. Nilibadilisha plagi na betri, nikasafisha tangi, nikamwaga oili ya zamani. Siku injini ilipoitika, jirani zetu walipiga makofi. Breki je? Nilifungua mkebe wa mafuta ya breki nikaukuta nusu. Nikaujaza. Nikaikanyaga pedali mara nne tano, ikawa ngumu. Nikaridhika. Kazi ya injini niliipa majuma matatu, na breki nikazipa dakika kumi.

Siku ya tatu nilimchukua yule msichana tukateremka kutoka Makindye kuelekea Kibuye. Mteremkoni alitokea mwendesha bodaboda aliyebeba mikungu ya matoke. Nikakanyaga breki, gari likapunguza mwendo. Nikakanyaga mara ya pili, na pedali ikaenda moja kwa moja hadi sakafuni bila kukutana na kitu chochote. Mtoto aliniangalia usoni, nadhani akaona. Nilipiga honi, nikarudisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia kwa uchungu, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na gari likaenda kusimama juu ya lundo la mchanga wa mtu aliyekuwa akijenga. Hakuumia mtu. Lakini kutoka kwenye lundo lile hadi mahali ambapo wanafunzi walikuwa wakivuka barabara hapakuwa na hatua ishirini.

Msichana alishuka, akafunga mlango taratibu, akasema, "Baba mdogo, mimi nitatembea." Akatembea mpaka nyumbani.

Nililikokota gari hadi Katwe, kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa magari ya jeshi, ambaye watu wote pale humwita Afande. Alilala chini ya gari kwa muda, akatoka na kidole kilicholowa, akanionyesha. Silinda ya gurudumu la nyuma ilikuwa ikivuja, na mafuta yamelowanisha brekishu zote za upande ule. Akaniuliza, "Mwalimu, uliongeza mafuta?" Nikasema ndiyo. "Yale ya kwanza yalikwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Mafuta ya breki hayaungui kama petroli, wala hayanywewi na injini kama oili. Yakipungua, ama pedi zimelika, ama yanavuja. Hakuna njia ya tatu. Ungeuliza swali hilo, usingefika kwenye mchanga."

Ndugu wasomaji, yafaa tuelewe breki hufanyaje kazi, maana asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua kasoro yake. Mafuta hayakubali kubanwa yakawa madogo. Ukiyasukuma upande mmoja wa bomba, nguvu ile hutokea upande wa pili bila kupungua. Tuchukue mfano wa hesabu. Mguu wako unasukuma pedali kwa uzito wa kilo 20. Pedali ni wenzo, nayo huikuza nguvu hiyo mara tano, zikawa kilo 100, zikisukuma pistoni ndogo ya masta silinda yenye eneo la sentimita 3 za mraba. Pistoni iliyo kwenye gurudumu ikiwa na eneo la sentimita 24 za mraba, yaani mara nane, basi itasukuma pedi kwa nguvu ya kilo 800. Hivyo ndivyo mguu wa mtoto unavyoweza kusimamisha gari.

Hewa, kwa upande wake, hubanwa. Povu dogo la hewa likiingia bombani, mguu wako hubana povu badala ya kusukuma pistoni, na pedali huwa laini kama sifongo. Vivyo hivyo mvuke. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, mwaka hata mwaka, hata kama gari limelala. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya kufikia nyuzi 230 za sentigredi au zaidi. Yakishanyonya maji kiasi cha sehemu tatu na nusu hivi katika mia, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu breki hupata joto kali, maji yale huwa mvuke, na dereva hukanyaga pedali asipate kitu. Aidha, maji hayo hayo huozesha silinda kwa kutu kutoka ndani.

Kuna jambo jingine lihusulo magari ya zamani. Magari mengi ya miaka ile, likiwamo la mjomba, yana masta silinda ya mkondo mmoja tu inayolisha magurudumu yote manne. Mpira mmoja wa thamani ya soda ukipasuka, magurudumu yote hukosa breki. Magari ya siku hizi yana mikondo miwili, mmoja ukifa mwingine hubaki. Mwenye gari la mkondo mmoja amebakiwa na breki ya mkono peke yake, ambayo huvutwa kwa waya na kushika magurudumu ya nyuma. Breki hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Afande alikubali kuzijenga upya breki zote, kwa sharti kwamba nishike spana mimi, naye asimamie. Gari lilipandishwa kwa jeki, kisha likakalishwa juu ya stendi imara za chuma. Alinikataza katakata kulala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Wengi wamekufa hivyo, na jeki zao zilikuwa nzima jioni ya jana yake.

Gari hili lina diski mbele na dramu nyuma. Breki za diski zilipata sifa mwaka 1953, gari la Jaguar lililofungwa diski liliposhinda mashindano ya Le mans ya saa 24 huko Ufaransa. Miaka mitatu baadaye Triumph TR3 likawa gari la kwanza la Uingereza kuuzwa kwa wingi likiwa na diski mbele. Sababu ya ushindi ni rahisi. Diski iko wazi, upepo huipoza. Dramu imefunikwa, joto hukaa ndani.

Tulianza mbele. Tulitoa pini na pedi, kisha kalipa, ambazo kila moja ina pistoni mbili zinazotazamana. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kutu. Afande aliweka kipande cha ubao katikati, akaingiza upepo polepole kwa pampu ya miguu, akanionya nisiweke vidole kati ya pistoni na ubao, kwa maana pistoni ikiruka inavunja mfupa. Zilipotoka tuliona nyuso zake zimetobokatoboka kwa kutu. Nikauliza kama msasa utafaa. Akasema, "Ukisugua vishimo unaongeza vishimo. Pistoni hizi hukaa na mpira masaa yote; mpira utachanika juma la kwanza." Tukaamua kuweka mpya. Nusu mbili za kalipa, zilizofungwa kwa bolti, hakuzifungua, kwani kazi hiyo haihitajiki ili kubadilisha mipira.

Nyuma tulikuta brekishu zimelowa mafuta. Zikishalowa hazifui dafu; hata ukiziosha, mafuta hurudi juu zikipata moto. Silinda zote mbili za nyuma zilikuwa zimeliwa na kutu, tukaziweka kando. Kisha tukakagua ile mipira mitatu ya kupitisha mafuta, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma. Kwa nje ilikuwa mizuri. Afande alipopuliza mmoja kwa mdomo, pumzi haikupita sawasawa. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani, ukaruhusu mafuta kwenda lakini ukayazuia kurudi, na gurudumu hubaki limeshikwa hata ukiachia pedali. Gari likivuta upande mmoja unapofunga breki, mojawapo ya sababu ni hiyo.

Vifaa vya masta silinda tulivisafisha kwa spiriti, kisha kwa mafuta mapya ya breki. Hapa nawasihi mnisikilize. Mipira ya breki haioshwi kwa petroli, wala kwa mafuta ya taa, wala haipakwi oili ya injini au grisi ya kawaida. Mafuta hayo huivimbisha ikawa kama uyoga uliolowa, na hapo breki hukamata zisiachie, au huachia zisikamate. Nimekwisha kusikia dereva aliyeishiwa mafuta ya breki njiani akatia oili. Baada ya tendo hilo moja, kila mpira ulio katika mfumo mzima hapana budi utupwe.

Kutafuta spea kulikuwa safari ya pekee. Katika soko la Kisekka utapata karibu kila kitu cha gari la Kijapani, na wafanyabiashara wa pale ni hodari wa kutambua kifaa kwa kukipima kwa jicho. Mmoja aliniuzia mipira akasema inafanana. Afande aliiweka juu ya meza kando ya ile ya zamani, akachukua kipimo. Magari haya ya Kiingereza yalipimwa kwa inchi, na nyuzi za nati zake hazipatani na zile za milimita, hata kama machoni ni mapacha. Akasema, "Mwalimu, kwenye kitasa cha mlango sema inafanana. Kwenye breki sema ni yenyewe." Nikaagiza Uingereza, ambako spea za MGB zingali zikitengenezwa hadi leo, hata bodi zake nzima zimekuwa zikiundwa upya tangu mwaka 1988. Nilingoja majuma matano. Msichana alikuwa amekwisha kuanza shule kwa fedha ya kukopa.

Wakati wa kungoja, mke wangu alinifundisha mambo mawili ambayo fundi hakuyataja. La kwanza ni vumbi. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta maradhi mabaya, hata saratani, baada ya miaka mingi. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Kwa hiyo vumbi la dramu ya zamani halipulizwi kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Hulowanishwa kwa maji likafutwa na kitambaa, na kitambaa hufungwa katika mfuko na kutupwa. Nguo za gereji hazifuliwi pamoja na nguo za watoto. La pili ni chupa. Nilikuwa nimemimina mafuta ya breki yaliyobaki katika chupa ya soda nikaiweka dirishani. Mke wangu aliichukua bila kusema neno, akaiweka mezani mbele yangu pamoja na bilauri ya mtoto wetu mdogo. Mafuta hayo ni sumu, nayo yana rangi ya kinywaji. Yakae katika mkebe wake, umefungwa sana, juu kabatini penye kufuli. Tena mkebe uliofunguliwa siku nyingi usitumiwe, maana umekwisha kunywa unyevu. Yakimwagikia rangi ya gari huibabua, kwa hiyo osheni mara moja kwa maji mengi.

Spea zilipofika tulijenga upya kwa siku mbili. Kila mpira ulilowanishwa kwa mafuta safi ya breki kabla ya kuingia mahali pake. Diski zilizoliwa na kutu zilibadilishwa, na brekishu na pedi zikawekwa mpya kwa pande zote mbili, kwa maana kubadilisha upande mmoja ni kulifundisha gari kupinda.

Ikabaki kutoa hewa, kazi inayotaka watu wawili. Ilikuwa likizo, na msichana alikuwa amerudi. Tangu siku ile ya Kibuye hakuwa ameligusa gari. Afande akamwambia, "Binti, nahitaji mguu usio na haraka. Mguu wa mwalimu siuamini." Akacheka kidogo, akaingia akakaa kwenye kiti cha dereva. Mimi nikalala chini, kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, nikiwa na mrija uliotumbukizwa katika chupa yenye mafuta safi. Nikasema, "Kanyaga." Akajibu, "Nimekanyaga." Nikafungua skrubu ndogo, mafuta na mapovu yakatoka, nikaifunga kabla hajaachia. "Achia." "Nimeachia." Hivyo hivyo gurudumu hadi gurudumu, huku Afande akijaza mkebe usikauke, kwa maana ukikauka hewa huingia upya na kazi huanza mwanzo. Kwenye gurudumu la nne msichana alisema bila kuulizwa, "Baba mdogo, sasa imekataa kushuka." Aliikanyaga tena kwa nguvu zake zote, akaishikilia hapo dakika nzima, Afande akihesabu. Haikushuka hata unywele.

Tulijaribu kwanza uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha kilomita 20 kwa saa, kisha 40. Kumbukeni kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Baadaye tuliangalia tena kila kiungo kama kinavuja. Ndipo tukaliweka gari mlimani kwa breki ya mkono peke yake, nalo likatulia.

Ndugu Koplo, jibu lako ni hili. Usiliendeshe gari hilo hadi litazamwe. Pedali ikiwa laini ikapanda juu baada ya kukanyagwa mara kadhaa, ama kuna hewa, ama brekishu zinahitaji kukazwa. Ikizama polepole huku umeikanyaga na hakuna mafuta nje, mipira ya masta silinda imechoka. Mafuta yakipungua, tafuta yalikokwenda kabla ya kuongeza. Tazama ndani ya magurudumu, chini ya mikeka, na kando ya masta silinda. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halitembei. Kwenye mteremko tumia gia ndogo, wala usiweke gia huru kwa tamaa ya kuokoa petroli. Na breki zikikata njiani, kanyaga pedali haraka haraka mara nyingi, rudisha gia, vuta breki ya mkono taratibu bila kuinyakua, piga honi, na tafuta mahali palaini pa kusimamia.

Nanyi akina mama na akina baba mnaopeleka gari kwa fundi, ombeni mwonyeshwe vifaa vya zamani vilivyotolewa. Fundi mwaminifu hatachukia. Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Ile ya kwangu ilikuwa nayo; ilikuwa ni swali moja tu, nami sikuliuliza.

Gari limekwisha kuuzwa. Mnunuzi alipokuja, bibi alikataa kupokea fedha hadi aonyeshwe kwamba linasimama. Msichana akasema atakwenda naye kumwonyesha. Akaketi upande wa abiria, akafunga mlango, wakateremka kuelekea Kibuye. Mimi nilibaki langoni nikisikiliza. Baada ya robo saa nikalisikia likipanda kilima, na karo ya mwaka ikalipwa jioni ile.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kutunza viatu vya ngozi wakati wa masika. Hadi hapo, kwaherini.